Pima Pale Anapokaa

Jebel, Juba
21 Januari 2024

Mdogo wangu Caro,

Huku tuko wazima, tukianza na Mama, ambaye ameketi hapa mezani kunilinda na haondoki mpaka nimalize kukuandikia. Anauliza kama mguu umeacha kuvimba. Achan mke wangu anakusalimu na kukukumbusha yale majani ya chai uliyomwahidi. Duka langu la sola linaenda. Jua la mwezi huu ni kali, kila mtu anataka paneli, hata wale ambao mwaka jana walisema ni mambo ya wazungu.

Spika zako zimefika. Sanduku lilikuwa kubwa hata majirani wakaja kuuliza kama tumenunua friji. Niliziunganisha siku hiyo hiyo, moja kona ya kulia na nyingine kona ya kushoto, zimebanwa ukutani vizuri zisianguke. Zina nguvu, Caro. Vioo vya madirisha vinatetemeka.

Lakini Mama anasikia ngurumo tu. Nilimwekea mahubiri ya redioni, nikamuuliza mhubiri amesema nini. Akajibu kwamba mhubiri ni mtu mnene. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Simu ndiyo ameikataa kabisa. Unapopiga anaishika sikioni kwa heshima yako, anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu ananirudishia na kuniuliza ulikuwa unasema nini. Ndiyo maana anapenda barua. Barua namsomea karibu na sikio, na nikichoka naanza upya.

Wewe ndiye fundi wa sauti wa redio, mimi ni mtu wa nyaya za sola. Niambie nimekosea wapi, kabla sijazifungua na bisibisi.

Kaka yako,
Robert


Eldoret
6 Februari 2024

Kaka Robert,

Salamu zako zimefika, na za Mama nimezisoma zaidi ya mara moja. Mwambie mguu umepungua. Trevor ni mzima, shule zimefunguliwa na mume wangu mwalimu anarudi nyumbani na chaki mpaka kwenye nyusi. Majani ya chai ya Achan yako ndani ya kifurushi hiki.

Sasa la kwangu. Daktari ameniamuru nilale kitandani mpaka nijifungue, mwezi wa sita. Naruhusiwa kuinuka kwenda chooni na kuoga, basi. Unajua wale wawili tuliowapoteza, kwa hiyo safari hii sibishani na mtu. Juba siwezi kuja, na Mama hawezi kupanda basi mpaka huku. Tangu masikio yake yalipoanza kuzimika hajanisikia nikisema jambo likaingia lote. Nataka anisikie, Robert, neno kwa neno, angali na sikio la kusikia. Sina haja nyingine mwaka huu, ukiondoa huyu aliye tumboni.

Bisibisi iweke chini. Spika hazina kosa, kosa ni mahali ulipoziweka. Kona inakuza sauti za chini, zile za ngurumo, nazo zinafunika maneno. Wewe unayapata kwa sababu masikio yako bado yanachambua. Ya Mama hayachambui tena, yanapokea kila kitu pamoja.

Nakutumia maikrofoni ya kupimia na programu yake kwenye flashi. Maikrofoni ni nyembamba kama kalamu. Usiishike mkononi, ifunge kwenye fimbo, ikae kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Programu itapiga sauti moja inayopanda kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, na laptopu itachora jinsi chumba kilivyoipokea. Zima jenereta, umwombe na jirani azime yake. Halafu nenda kwa mwenye printa unichapishie grafu mbili: ile ya milima na mabonde, na ile ya muda ambao mwangwi unakaa kabla ya kutulia.

Mbusu Mama.

Caro


Jebel, Juba
3 Machi 2024

Caro wa Mama,

Hatujambo. Achan ameonja chai, anasema sasa wewe ni wifi wa kweli. Mama ana kikohozi kidogo, kifua kinambana asubuhi, lakini amepewa dawa na ananigombeza kama kawaida. Anasema ukilala usilalie mgongo.

Kupima ni kazi ya watu wenye subira. Siku ya kwanza jirani alizima jenereta, jogoo wake akakataa. Siku ya pili ile sauti ilipoanza kupanda, Mama akainuka akafungua mlango. Alidhani kuna mtu nje anapiga mluzi akimwita. Tulirudia. Safari ya tatu kila mtu alikaa kimya, mpaka Achan akapiga chafya. Ya nne ndiyo hii unayoiona kwenye karatasi.

Maikrofoni niliiweka katikati ya lile kochi kubwa, katikati kabisa ya spika mbili, nilipima na futi. Ndipo mahali pa heshima pa kusikilizia, hata programu inachora hivyo. Shida ni moja tu, kwamba Mama hakai hapo. Anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anaangalia nani anapita kwenda sokoni na amebeba nini. Nimemwambia kiti chake kipya ni hapo katikati. Amekaa kidogo, akaniambia hapo anamwona Robert tu, na Robert ameshamwona miaka mingi.

Nitamzoesha polepole.

Robert


Eldoret
17 Machi 2024

Kaka Robert,

Nimecheka mpaka Trevor akaja kuniambia ninyamaze, daktari amekataza. Sisi wazima. Mtoto anapiga mateke kila nikila ugali, na Trevor anasema atakuwa mwana wa Kenya halisi. Mwambie Mama nalalia ubavu wa kushoto. Kile kikohozi mpeleke kwa daktari tena, usingoje.

Achana na mahali pa heshima. Pima pale anapokaa, si pale unapotaka akae. Mimi hii kazi nimeifanya miaka, na watu wote wanakosea papo hapo. Wanatengeneza sauti nzuri kwa ajili ya kiti kisicho na mtu.

Grafu zako nimezisoma. Nilihofia kuta za saruji, kumbe makochi ya Mama yanatusaidia. Yote saba nayaona hapa, na vile vitambaa vyake vya kufuma. Yanameza mwangwi, unatulia baada ya nusu sekunde hivi, na hiyo ni nzuri kwa maneno. Usitoe kochi hata moja. Balaa ni ule mlima kwenye sauti za chini, na huo ni kona zako. Vuta spika mbele, urefu wa mkono mzima kutoka ukutani, uzigeuze zikitazame kigoda. Kisha keti kwenye kigoda, mpe Achan kioo akipitishe ukutani. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga na kurudi. Tundika pazia zito hapo.

Kwenye flashi hii nimerekodi sauti yangu. Nimezungumza na Mama kwa Kibari chetu, na mwisho nimemwimbia ule wimbo wake wa kule Arua, Uganda, wa mwanamke anayevuka mto. Tafadhali, usimwekee mpaka utengeneze yote na kupima tena, na mimi nione grafu. Akisikia uji wa sauti mara ya kwanza atasema amesikia ili asinivunje moyo, na sitajua kamwe. Unamjua.

Caro


Jebel, Juba
28 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa Caroline,

Ninatumaini u mzima na mume wako pia. Sisi hapa nyumbani hatujambo. Mvua zimeanza. Achan anakusalimu. Baba mdogo Jubek amekuja kutoka Kajo-Keji, atakaa nasi kwa muda, naye anakusalimu.

Simu yangu imeharibika, kwa hiyo usihangaike kupiga.

Spika nimezivuta mbele kama ulivyosema na pazia nimelitundika. Nimepima pale penye kigoda. Ilikuwa asubuhi na mapema, kulikuwa kimya. Grafu ziko ndani ya bahasha.

Kula vizuri. Msikilize daktari kwa kila jambo.

Ni mimi kaka yako,
Robert


Eldoret
9 Mei 2024

Kaka Robert,

Salamu kwako, kwa Achan na kwa Baba mdogo. Mimi naendelea vizuri, tumbo limekuwa kubwa hata sahani naiweka juu yake. Simu yangu pia siku hizi ina likizo. Trevor ameichukua, anasema daktari amesema mwanga wake unaharibu usingizi. Nilikuwepo daktari alipokuwa akisema, sikumbuki hilo.

Umefanya kazi nzuri kwenye sauti za chini. Ule mlima umekuwa kichuguu. Lakini grafu ya mwangwi sielewi. Mara ya kwanza ulikuwa unatulia baada ya nusu sekunde, sasa unakaa karibu sekunde moja na nusu. Pazia haliwezi kufanya hivyo, pazia linameza. Maikrofoni si mbovu, maana grafu nyingine iko sawa. Hicho ni chumba kitupu, Robert. Kina sakafu na kuta na dari, na pengine kigoda kimoja.

Makochi yako wapi?

Na katika barua yako yote hukumtaja Mama. Yeye hajawahi kukuacha uandike bila kuniagizia kitu. Kifua chake kikoje? Umeshamwekea ile sauti?

Nijibu haraka kidogo.

Caro


Jebel, Juba
20 Mei 2024

Dada yangu Caroline,

Salamu nyingi. Barua yako tumeipata.

Makochi tuliyatoa kwa sababu tunapaka rangi sebuleni. Nilisahau kukuandikia. Baba mdogo Jubek ndiye aliyeshauri rangi. Kazi ikiisha tutayarudisha, na nitapima upya ukitaka, lakini sioni haja ya wewe kujisumbua na grafu kwa sasa. Mwezi wa sita umekaribia. Fikiria mambo ya mtoto.

Achan anakuombea kila siku. Wote tunakuombea.

Robert


Eldoret
30 Mei 2024

Kaka yangu Robert,

Nakusalimu wewe, na Achan, na Baba mdogo, na wote waliokuja hapo nyumbani kukaa nanyi.

Hapa Trevor anafua nguo. Mtu ambaye tangu tuoane hajajua sabuni inakaa wapi, sasa anafua, anapika, ananichana nywele. Jana nilimuuliza kama amezungumza nawe, akakumbuka sufuria iko motoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Rangi gani hiyo, Robert, inayochukua wiki tatu kwa sebule moja? Ulipooa makochi yalibaki ndani, wageni tuliwaweka uani. Kwa ubatizo pia yalibaki. Yale makochi Mama hakubali yasogezwe hata kufagiwa chini yake. Katika maisha yangu yote yametoka mara moja tu, Baba alipofariki. Yalipelekwa nje chini ya turubai kwa ajili ya wanaume, na wanawake wakakaa ndani chini, kwenye mikeka ya birish, mpaka bika ya matanga ilipoisha. Asubuhi waliikunja ile mikeka wakaenda kuikung'uta, na kwa muda mfupi chumba kikabaki kitupu kabisa, nikiita jina langu linarudi. Nilikuwa mdogo, niliogopa. Nadhani wewe ulipima katika muda kama huo. Ulitaka nipate grafu niliyoiomba, nisijiulize mbona imechelewa. Nakushukuru. Ulisahau tu kwamba nitaisoma.

Najua habari ya namna hiyo kwetu haiandikwi, na mwenye mimba haambiwi. Anaachwa ajifungue kwanza, halafu wakubwa wanakuja, wanaketi, wanasema kwa mdomo. Sikuombi uvunje mwiko huo. Usiniandikie chochote. Nimeshalia, taratibu, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto, na mtoto anacheza vizuri. Trevor simwambii kwamba najua. Anajitahidi sana, na wali wake umeanza kuiva.

Nina swali moja ambalo si la wakubwa, ni langu na wewe. Nilikukataza kumwekea sauti yangu mpaka upime tena. Ulipopima tena, makochi yalikuwa yameshatoka. Nimegeuza jambo hili kila upande hapa kitandani, na kila upande naona ni mimi mwenyewe niliyemnyima. Nilitaka asikie vizuri, labda nikafanya asisikie kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na siwezi kumwambia mtu mwingine.

Alisikia au hakusikia?

Kama hakusikia, nitumie bahasha bila karatasi. Nitaelewa, na sitakulaumu.

Caro


Jebel, Juba
16 Juni 2024

Caro mdogo wangu, mama wa msichana,

Trevor amepiga leo asubuhi tukitoka kanisani. Amesema mtoto ni mzima, wewe ni mzima, na kwamba anapolia wauguzi wa chumba cha pili wanageuka. Achan amepiga vigelele mpaka majirani wakaja. Baba mdogo Jubek alikaa akajifuta macho, halafu akaniuliza basi linaondoka lini.

Barua hii naipeleka na basi la kesho ili itangulie. Mimi na yeye tunaondoka Jumatano, Mungu akipenda Ijumaa tutakuwa Eldoret. Utatupa maji, tutaketi, na yeye atasema alichokuja kusema, kwa sababu ndiye mkubwa. Hilo siandiki hapa, na nimefurahi hukuniomba. Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma dukani nikafunga duka. Sikujibu kwa sababu kalamu ilikuwa ikienda upande ambao haikuruhusiwa. Nisamehe kwa kukuacha ungoje na tumbo lile.

Sasa swali lako.

Sikukutii. Flashi yako ilifika Jumatatu ya Pasaka. Spika zilikuwa bado konani, pazia bado halijashonwa, hakuna nilichokuwa nimetengeneza. Mama alikuwa mlangoni kwenye kigoda. Kifua kilikuwa kimemchosha siku zile lakini alikuwa amevaa vizuri, sikukuu. Akaona nimeshika kitu kidogo, akauliza ni nini. Achan akamwambia ni sauti ya Caro. Nikaanza kumweleza kwamba lazima kwanza tupime, tutundike pazia, tukutumie karatasi, wewe uone, ndipo. Nilimweleza vizuri kabisa, kwa sauti kubwa. Akaniangalia mpaka nikamaliza.

“Weka sasa,” akasema. “Mimi iko na haraka.”

Nikaweka. Ilikuwa vilevile kama ulivyohofia, ngurumo tupu, vioo vinatetemeka. Nikapunguza, ikawa haisikiki. Nikaongeza, ikawa uji. Nilitaka kuizima nikuandikie kwamba imeshindikana. Mama akainuka. Akakivuta kigoda chake kutoka mlangoni, akakipitisha katikati ya makochi, akakaa mbele ya spika ya kushoto na kuegemeza sikio lake moja kwa moja kwenye kitambaa cha spika hiyo, kichwa kimelala kabisa kama mtu anayesikiliza mlango. Akanionyesha kwa mkono nipunguze. Nikapunguza. Akanionyesha nipunguze tena. Mwisho mimi na Achan tulikuwa hatusikii kitu, na yeye alikuwa anaitikia.

Alisikiliza yote. Uliposema habari ya mguu aliushika mguu wake. Kuna mahali unakohoa, akasema pole. Kwenye wimbo alifumba macho na kidole kikawa kinagonga goti. Ulipomaliza hakutoa sikio, akaniambia nirudie. Nilirudia mpaka betri ya sola ikaanza kulalamika. Siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo kila jioni, na kigoda hakikurudi mlangoni. Kwa hiyo nilipokuja kupima pale penye kigoda, kama ulivyoniagiza, maikrofoni ilikuwa karibu kugusa spika, nikaona hapana, nikairudisha mlangoni ili ikupendeze. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa utanigombeza kwamba nimeharibu kipimo. Halafu mambo mengine yakaingia.

Utasema labda alijifanya, ili asikuvunje moyo. Nami niliwaza hivyo siku ile, kwa hiyo nikamuuliza Caro amesema nini, kama nilivyomuuliza ya yule mhubiri. Akanirudia kila kitu kwa mpango, na mimba, na kitanda, na Trevor na chaki zake. Kisha akasema ule wimbo umeuharibu. Umeimba kwamba yule mwanamke alifika mtoni akavusha mzigo wa simsim, akarudi kumchukua mtoto. Sivyo unavyokwenda. Mimi mwenyewe sikujua, nilikuwa nauimba kama wewe. Aliusema kwa Kiswahili chake cha Arua ili Achan naye aelewe, na akanishika mkono nisisahau kukufikishia.

“Mwambia Caro ile ubeti ya pili iko makosa,” akasema. “Mtoto ndio navuka kwanza. Mzigo, mtu narudi kuchukua.”

Tunafika Ijumaa.

Kaka yako,
Robert